Kware wako anataga lakini haatamii? Hii ndiyo sababu na unachoweza kufanya

- Kware wa kufugwa amechaguliwa kwa miaka mingi ili atage, siyo alee.
- Nafasi, nyasi, utulivu na kutookota mayai kila siku huamsha tabia ya kuatamia.
- Mfugaji anayetegemea mauzo ya mayai apige hesabu kwanza, maana anayeatamia huacha kutaga.

Dar es Salaam. Umeme ukikatika usiku kucha, mfugaji wa kware mwenye mashine ya kutotolesha halali. Mayai yakipoa kwa saa nyingi, vifaranga hufia ndani ya ganda na hasara yote inabaki kwake.

Hapo ndipo swali linapoibuka: kama kuku wa kienyeji anaatamia mwenyewe bila hata waya mmoja wa umeme, kware anashindwa nini?

Jibu fupi ni kwamba anaweza, ila wengi hawana habari na mayai yao. Anataga, anaondoka. Wakati mwingine anataga popote anapotembea na hageuki nyuma.

Tabia ilipotelea wapi?

Kware anayefugwa kwa wingi ni kware wa Kijapani. Porini, jike hutengeneza kiota chini kwenye nyasi, hutaga mayai kadhaa kisha huyaatamia peke yake kwa siku 16 hadi 18. Dume hahusiki na kuatamia.

Alipoingia bandani, mambo yakabadilika. Jike anayeatamia huacha kutaga, na kwa anayeuza mayai hiyo ni hasara. Hivyo wafugaji wakawa wanabakiza wale wanaotaga bila kupumzika, huku kazi ya kuatamia ikihamia kwenye mashine. Kizazi baada ya kizazi, damu ya kulea ikafifia.

Kufifia siyo kufa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1976 katika jarida la ndege la The Auk la nchini Marekani ulieleza jinsi kware wa kufugwa walivyoweza kutengeneza viota na kulea. Yaani tabia bado ipo, inasubiri mazingira yake.

Anza na banda

Kware aliyesongamana na wenzake kwenye kizimba cha waya, juu ya sakafu ya waya, hana pa kuficha yai. Mtoe. Mpe banda la chini lenye udongo au maranda, nyasi ndefu kavu kwenye kona, na vificho kama matawi au boksi lililolazwa ubavu. Anapenda kukaa mahali ambapo haonekani.

Angalia na paa. Kware akishtuka huruka wima kama risasi na anaweza kujipasua kichwa. Wavu laini juu ya banda humwokoa.

Weka dume mmoja kwa majike matatu au manne ili mayai yawe na mbegu. Jike akishakaa kwenye kiota, mtoe dume pamoja na majike wengine, kwa sababu watamsumbua na kukanyaga mayai.

Acha kuokota mayai

Hili ndilo gumu kwa wengi. Ukiokota kila siku, jike haoni kiota kikijaa. Acha mayai yafike 8 hadi 12 mahali pamoja. Yawekee alama ya penseli ili ujue yapi ni ya zamani.

Taa za usiku nazo zizimwe. Mwanga wa saa nyingi humsukuma kware kuendelea kutaga, na wewe sasa unataka atulie. Mwanga wa jua unatosha.

Utajuaje kwamba amekubali? Atakaa kiotani karibu siku nzima, atatuna manyoya ukimsogelea na atatoka kwa muda mfupi tu kula na kunywa. Weka chakula na maji karibu, kisha muache. Watoto, paka na panya wakae mbali. Usimuinue kila saa kuchungulia, na kupima mayai kwa tochi hakusaidii sana kwa sababu ganda lake lina madoa mengi.

Akigoma kabisa

Mbinu ya kwanza ni kuku wa kienyeji mwenye umbo dogo ambaye tayari anaatamia. Awe na afya, asiwe na mafua wala utitiri, kwa kuwa kuku na kware huambukizana magonjwa. Yai la kware lina uzito wa takribani gramu 10 na ganda jembamba, hivyo kuku mzito atalivunja.

Usichanganye na mayai yake. Ya kuku huchukua siku 21, ya kware takribani 17. Kware wakitoka mapema, kuku anaweza kuondoka nao na kuyaacha mayai yake yapoe.

Mbinu ya pili ni ya usiku. Watafiti nchini Ufaransa wamekuwa wakimfungia jike kwenye boksi dogo lenye giza na kumwekea vifaranga wa siku moja chini ya mwili. Kufikia asubuhi, baadhi ya majike huanza kuwakumbatia na kuwaita kama mama, hata kama hawakuwahi kuatamia. Amka mapema ukague, kwa sababu anayekataa huwadonoa.

Vifaranga wakitoka

Kifaranga wa kware ni mdogo kuliko kidole gumba na huzama hata kwenye kisahani cha maji. Jaza kokoto kwenye chombo cha maji. Ziba matundu yote ya banda, maana anapenya palipo na upenyo wa sentimita moja au mbili. Chakula cha kuanzia kisagwe kiwe laini. Mama akiwakataa, wapatie joto la takribani nyuzi 35 katika wiki ya kwanza.

Je, inalipa?

Kwa anayeuza trei za mayai kila wiki, hapana. Siku 17 za kuatamia na wiki kadhaa za kulea ni siku ambazo jike hatagi, na hakuna uhakika kwamba wote watakubali. Huyo abaki na mashine, atafute na umeme wa akiba.

Kwa mwenye kware wachache nyumbani, mbali na nguzo ya umeme, hesabu ni nyingine. Jike mmoja anayelea ni mtaji. Usimchinje wala kumuuza. Tunza mabinti zake, na kila msimu bakiza wanaoatamia. Tabia iliyoondolewa kwa kuchagua hurudishwa kwa njia hiyo hiyo, taratibu.