Kambi ya likizo: tunamkabidhi nani mtoto?



Kila likizo ya Juni na Disemba inapokaribia, wazee hutuuliza suali moja: mtoto tumpeleke kambi ipi? Siku hizi zipo za Qur-ani na tajwidi, za kompyuta na Kiingereza, za mpira na kuogelea. Mtoto hutoka asubuhi akarudi alasiri, na mzee aliye kazini hupata utulivu.

Kumpeleka mtoto akacheze si kosa. Katika Sura Yusuf (aya 11-13), ndugu zake Yusuf walimtaka baba yao awape mtoto waende naye akastarehe na kucheza, wakaahidi watamhifadhi. Nabii Yaaqub, amani iwe juu yake, hakuupinga mchezo. Alichokihofia ni mbwa mwitu kumla mtoto na wao wameghafilika naye. Yaliyofuata tunayajua. Baadaye, walipomtaka ndugu yake Yusuf, hakumtoa mpaka walipompa ahadi nzito kwa jina la Mwenyezi Mungu (aya 66). Somo letu liko hapo: maneno mazuri hayatoshi.

Sisi wenyewe tulijifunza kwa kukosea. Mwaka mmoja tulimpeleka kijana wetu kambini kwa kuangalia tangazo na jina la ustadhi tu. Siku ya tatu tukapita adhuhuri bila ya taarifa. Ustadhi hayupo, watoto zaidi ya 30 wako pwani na kijana mmoja wa skuli, na maji yanajaa. Hakuna aliyedhurika, alhamdulillah, lakini usiku ule hatukulala. Kosa la kwanza lilikuwa letu, kwani hatukuuliza.

Basi kabla ya kulipa, tuulize haya:

1. Nani hasa atakaa na watoto kutwa nzima, na kila mtu mzima ana watoto wangapi? Tuonane naye uso kwa uso, tuwaulize na majirani zake.

2. Wakienda pwani, nani anajua kuogelea na kuokoa? Juni ni msimu wa kusi, na bahari ya upande wa mashariki huchafuka. Mtoto wa pwani si lazima awe anajua kuogelea.

3. Je, yupo mwalimu mwanamke kwa ajili ya wasichana? Mtoto, wa kike au wa kiume, asifungiwe chumbani na mtu mzima peke yao, hata akiitwa ustadhi. Kambi inayokataa mzee kupita wakati wowote, tuiache.

4. Mtoto akikosea, anafanywa nini? Anas bin Malik, radhi za Allah zimfikie, alimtumikia Mtume (s.a.w.) miaka 10 tangu udogoni, wala hakuambiwa hata "uff". Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Anayedai hawezi kufundisha bila ya bakora, atueleze ameichukua wapi sunna hiyo.

5. Adhuhuri inasaliwa kwa jamaa? Chakula kinapikwa wapi, na wanajua kama mtoto wetu ana pumu au kuna chakula kinachomdhuru?

Jioni mtoto akirudi, tusimuulize amehifadhi aya ngapi tu. Tumuulize alikuwa na nani, kipi kilimfurahisha na kipi kilimtia hofu. Akikataa ghafla kwenda, tumsikilize kabla ya kumgombeza. Ikidhihirika kwamba amedhuriwa, tusilifiche kwa kuogopa aibu. Kumsitiri muovu anayedhuru watoto ni kuwaacha watoto wengine mikononi mwake. Tumpeleke mtoto kituo cha Mkono kwa Mkono hospitalini, tutoe taarifa polisi, au tupige simu 116.

Na asiye na uwezo wa ada asihuzunike. Chuo cha mtaani chenye mwalimu muaminifu, au likizo kwa bibi shamba, ni bora kuliko kambi ya fedha nyingi isiyo na mwangalizi.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Ada tunayolipa haituondolei suali hilo.

Wallahu aalam.