Likelemba, upatu, ekub: zamu za vijana ugenini

Wiki ya tatu baada ya kufika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwenzangu wa chumba cha pili aliniuliza: "Kaka, sisi hapa tunacheza mchezo. Na wewe utacheza?" Nilimjibu kwa adabu kwamba kwetu Likasi nimelelewa katika nyumba ya kanisa, hata karata sizijui. Walicheka wote mpaka jirani akagonga ukuta. Mchezo waliousema ni upatu, na upatu ndio likelemba, ambayo mama yangu amekuwa nayo na wenzake wa sokoni Kikula tangu mimi mtoto. Sote tulisema Kiswahili, neno likatupita; kitu chenyewe tulikuwa tunakijua sawasawa.

Katika nyumba ile ya kupanga, Changanyikeni, tulikuwa wanane: Watanzania wanne, Mzambia wa Kitwe, Mkameruni, Mwethiopia, na mimi. Mzambia aliita chilimba, jina ambalo sikio la mtu wa Katanga halishindwi kulitambua. Mkameruni, aliyetoka upande wa Kiingereza, alisema njangi. Mwethiopia alisema ekub. Tulibishana juu ya chakula, juu ya muziki, juu ya nani aoshe sufuria. Juu ya mchezo hakuna aliyehitaji kufundishwa.

Kanuni ni fupi. Kila wiki mbili kila mtu alitoa shilingi 20,000, na 160,000 zote zikaenda kwa mmoja, mpaka wote wanane wapate. Riba hakuna. Wa kwanza kwa kweli amekopeshwa na wenzake. Wa mwisho amejiwekea akiba. Wa katikati ni yote mawili. Mpangilio wa zamu ndipo desturi zinapotofautiana kidogo: Mwethiopia alitaka kura, kama ilivyo katika ekub, mimi nikataka tusikilizane nani ana shida kubwa zaidi. Kura ilishinda. Kijumbe, yaani mkusanyaji, alikuwa dada mmoja wa Mbeya ambaye hakusahau deni hata la shilingi mia. Dhamana pekee ni aibu, na aibu si ndogo: katika nyumba ya jirani kijana mmoja alichukua zamu ya kwanza akahama usiku, na jina lake lilitajwa mwaka mzima.

Lakini siku ya zamu haikuwa siku ya hesabu tu. Aliyepokea alinunua soda na chipsi mayai, Mwethiopia akakaanga kahawa yake, tukakaa barazani mpaka usiku. Hapo ndipo nilipojua nani ana mchumba, nani amefeli mtihani. Kijana aliye mbali na kwao hana mjomba wa kumkimbilia, na benki haimkopeshi mwanafunzi. Nafikiri babu zetu walijikuta hivyohivyo mji huu ulipoitwa Jadotville, Union Minière ilipowaleta kambini watu wa Kasai, wa Rwanda na wa Rhodesia ya Kaskazini.

Clifford Geertz, aliyechunguza arisan ya Java, aliandika mwaka 1962 kwamba vyama vya aina hii ni kipago cha katikati tu: mkulima akishazoea biashara na benki, ataviacha. Sikubaliani naye. Sote wanane tulikuwa na pesa katika simu, wengine na akaunti, na hakuna aliyeacha.

Wasomaji wa Kifaransa watauliza kuhusu neno tontine. Limetoka kwa Lorenzo de Tonti, Mwitalia aliyependekeza mpango wake Ufaransa mwaka 1653. Katika mpango huo, mmoja akifa, faida ya fungu lake waligawana waliobaki hai. Afrika imechukua jina tu. Kwetu kifo hakimwongezei mtu chochote. Hilo nalisema kwa kuwa nililiona.

Kura ilinipa zamu ya saba. Siku mbili kabla ya zamu ya tatu, kaka yangu alipiga simu kutoka Likasi: baba amefariki. Sikuwa na nauli. Usiku ule kijumbe aliwaita watu wote barazani. Zamu ya tatu ilikuwa ya Mkameruni, ambaye alikuwa amekwisha chagua kompyuta dukani na kumwomba mwenye duka amtunzie. Sikumwomba chochote. Alisema tu, "Kaka, chukua yangu, nitakula yako," na dada wa Mbeya akageuza majina katika daftari. Watanzania waliongeza rambirambi ndani ya bahasha.

Nilipanda gari moshi la TAZARA, kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, kisha mabasi mpaka Kasumbalesa na Lubumbashi. Nilifika Likasi mazishi yamekwisha. Matanga niliyakuta. Wanawake wa likelemba ya mama walikuwa jikoni, na wao pia walikuwa wamempa zamu isiyokuwa yake.

Mkameruni alingoja wiki nane. Zamu ya saba ilipofika nilikuwa nimekwisha rudi Dar es Salaam, nami nikamkabidhi 20,000 yangu mkononi. Kompyuta ile ilikuwa imeuzwa zamani. Alinunua nyingine, iliyotumika, na soda za watu wanane.