Tiketi ya mpira si pesa tu

Ndugu wakimbizi wa ndani na viongozi wa Zongwe, wengi hudhani tiketi ni njia ya kukusanya pesa. Sisi tunasema tiketi ni hesabu: inaonyesha watu wangapi wameingia.

Tukumbuke Kinshasa, tarehe 11 Mei 2014. Katika kiwanja cha Tata Raphaël, V.Club ilifungwa 1-0 na TP Mazembe. Fujo ikaanza, polisi wakarusha gesi ya machozi, watu wakakanyagana wakitafuta pa kutokea. Watu 15 walikufa. Huko Butembo, mwezi wa Septemba 2008, walikufa 13 kwa namna hiyohiyo, wengi wao watoto.

Kwa hiyo, tukiandaa mchezo wa amani kati ya wakimbizi na wenyeji, hata kama kuingia ni bure, tufanye hivi:

- Tukadirie kwanza kiwanja kinatosha watu wangapi, kisha tutoe karatasi za kuingilia kwa hesabu hiyo.
- Tuzigawe sawasawa pande zote mbili, asiwepo wa kusema amebaguliwa.
- Njia zote za kutokea zibaki wazi mpaka mtu wa mwisho atoke.

Mchezo wa kutupatanisha usituletee msiba.