Kichuri Kipande Meza Kuu

Manze, ukitia maguu kijiweni Sirari jioni, wana wakipiga stori nusu Kibongo nusu Sheng ya ng'ambo pale Isebania, ishu ya msosi wa kishua haikosi. Msee mmoja anazungusha simu: staa wa Marekani yuko mgahawa wa Mr Chow, Beverly Hills. Mezani kuna bata wa Beijing, ngozi imekauka vizuri inang'aa, kitambaa cheupe pee, pamba kali kila kona. Wana wote macho kodo. Nusu saa baadaye wanavuka barabara, wanaagiza kichuri na ugali wa muhogo na mtama, wanafuta sahani safi, na hakuna hata mmoja anayetoa simu kupiga picha. Hapo ndipo roho inaniuma, mura.

Maana ukiijua historia ya hiyo Mr Chow, unaona ni stori yetu kabisa. Michael Chow ni mtoto wa Shanghai, baba yake Zhou Xinfang alikuwa nguli wa opera ya Beijing. Akapelekwa Uingereza akiwa bado dogo na hakumwona tena mzee wake. London ya enzi hizo, msosi wa Kichina ulihesabika dishi la bei chee: unafungiwa chako, unasepa. Mwaka 1968 jamaa akafungua mgahawa Knightsbridge, mtaa wa masonko wenyewe. Akatandika vitambaa vyeupe, akaajiri wahudumu wa Kiitaliano, na mpishi akawa anatoka jikoni kuvuta tambi kwa mikono mbele ya wageni, unga unarefuka na kugawanyika mpaka watu wanasahau vyakula vyao. Beverly Hills akafungua mwaka 1974, kisha New York. Wachoraji wakubwa wa zama hizo, Andy Warhol, Jean-Michel Basquiat na Keith Haring, kila mmoja alimchora yeye mwenyewe Chow. Mastaa wa muvi na muziki wakafuata, na bado wanafuata.

Yule bata alishaliwa Beijing karne na karne kabla Chow hajazaliwa. Na tambi kadhalika. Kilichobadilika ni kwamba mtu wa kwao alimletea mgeni msosi wa kwao bila kuona soni, akauita kwa jina lake na akataja bei bila kutafuna maneno.

Sasa turudi kitaa. Kichuri unakijua. Mbuzi au ng'ombe akichinjwa, matumbo na nyama za ndani zinaoshwa, ila yale majimaji machungu ya utumbo hayamwagwi. Ndiyo yanayopikiwa nyama, mchuzi unatoka wa kijani na uchungu wake unakaa nyuma ya ulimi. Mgeni wa mara ya kwanza anakunja sura. Akifika tonge la tatu anauliza kama kuna nyongeza. Mkurya akihamia Mwanza au Dar, kitu cha kwanza anachokisaka ni kijiwe cha kichuri.

Na hii ndiyo rada ninayotaka kila mwana wa Tarime aishike: Wachina nao wanacho. Nenda kusini mashariki mwa jimbo la Guizhou, kwenye milima ya watu wa makabila ya Dong na Miao, utakuta dishi linaitwa niubie. Wanachukua majani ambayo ng'ombe ameyala na hayajamalizika kusagika tumboni, wanayakamua, wanachemsha yale maji na nyongo na viungo, halafu nyama inaivia humo humo kwenye sufuria iliyo katikati ya meza, watu wameizunguka. Ni kichuri, wana. Kichuri chenye pilipili ya Guizhou. Kule kinauzwa mgahawani kama fahari ya jimbo, watalii wa miji mikubwa ya China wanasafiri kwenda kukionja. Watu wa milima miwili ambao hawajawahi kuonana wameangalia tumbo la ng'ombe wakafikia wazo lile lile, kwamba uchungu nao ni utamu. Mimi hilo limenigusa kuliko picha yoyote ya Beverly Hills.

Tena meza ya kishua hatuhitaji kuipandia ndege. Iko Serengeti. Pale hoteli ya Four Seasons, ile iliyoanza mwaka 2009 kama Bilila Lodge ya Kempinski kabla ya kubadili jina mwaka 2012, wageni wanaogelea huku tembo wanakunywa maji bondeni mbele yao, na usiku wanadishi nyama choma kwenye mgahawa wao unaoitwa Boma Grill. Upande wa Grumeti kuna loji ya Sasakwa ya kampuni ya Singita, juu ya kilima, kwenye eneo ambalo bilionea wa Marekani Paul Tudor Jones ndiye aliyeweka mkwanja wake. Usiku mmoja pale unakula zaidi ya dola 1,000 kwa kichwa. Hao ndio wageni wenyewe, wale wale wanaojaza meza za Knightsbridge na New York, na wamekuja mpaka mlangoni kwetu kwa sababu ya nyumbu wanaovuka Mto Mara. Wanapiga picha nyumbu, simba, machweo. Msosi wa watu wa Mara wenyewe wengi wao wanaondoka hawajauonja.

Najua kuna mabishoo watasema wazungu watakitema kichuri. Wazungu walewale wanakula chaza mbichi na jibini yenye ukungu, na wanalipa doo ndefu. Mtu anayelipa hela hiyo anataka kitu ambacho kwao hakipo. Mpe bakuli dogo la udongo, ugali wa mtama wa moto wa kumega kwa vidole, mpishi mwenyewe asimame pale mezani aeleze bibi yake alivyokichuja, na litungu, ala yetu ya nyuzi, lipigwe pembeni. Uchungu usipunguzwe hata tone. Ukishaulainisha ili umfurahishe mgeni, umemuuzia supu ya kawaida.

Vijana wa kuifanya kazi hii wapo. Singita wana shule ya upishi inayochukua madogo wa vijiji jirani, na wahitimu wake wanaingia jikoni kwenye mahoteli makubwa. Wanajua kukata, kupanga sahani, kusoma menyu ya Kifaransa. Kilichobaki ni mmoja wao kumwendea shefu mkuu na kumwambia: bosi, nipe usiku mmoja nipike cha kwetu.

Kwa hiyo wewe uliye jikoni Serengeti usiku huu, na wewe unayepanga kufungua kajisehemu Tarime mjini au Mugumu kwa hela ya dhahabu ya Nyamongo, sikia neno langu. Tandika kitambaa cheupe. Juu kabisa ya menyu andika KICHURI kwa herufi kubwa, bila maelezo ya kuomba radhi, na bei ya kueleweka. Sisi wana tutakuja, na safari hii simu zitatoka mfukoni.