Mwalimu wa Mtandaoni: Aseme Lini, Anyamaze Lini?

Tangu shule zetu zilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa ajili ya Korona, maneno yamekuwa mengi juu ya kufundisha kwa mtandao. Wako washikiliao kwamba mwalimu ndiye aongoze kila kitu, na wako wasemao mwanafunzi aachiwe atafute mwenyewe. Mimi nifundishaye ushairi kwa njia hiyo naona kila upande umepata nusu tu.

Chukua shairi la tarbia. Kila ubeti una mishororo minne, na kila mshororo kwa kawaida una mizani 16, yaani 8 kwa 8, pamoja na vina vya kati na vya mwisho. Mambo haya mtoto hayapati kwa kukisia. Ukimwambia atafute, atamaliza bando ya mzazi wake na kurudi mikono mitupu. Basi hapo naongoza mimi: kwa robo saa nagonga meza kwa kila silabi, nao wahesabu. Maswali yangoje kidogo.

Lakini nikishika usemi saa nzima, ndugu msomaji, nabaki nikizungumza na majina matupu. Darasani mwalimu humwona anayesinzia. Mtandaoni picha huzimwa ili kuokoa bando, na kimya cha aliyeelewa hakina tofauti na kimya cha aliyepotea.

Ndipo nawaachia wao. Na mfano hatukuuazima mbali, kwani majibizano ya washairi ni ya kale, na Mathias Mnyampala wa Tanzania aliieneza ngonjera ikajaa mashuleni. Nawagawa wawili wawili. Mmoja hutunga ubeti akautuma kwa sauti katika WhatsApp, na mwenziwe ana siku mbili za kumjibu kwa vina vilevile. Mada huchagua wenyewe. Juzi walibishana juu ya matatu zenye muziki wa kupasua masikio. (Mimi nisingeichagua!)

Hata hivyo sijiondoi kabisa. Wenye simu zao hujibu upesi wakatawala, na asiye na simu akaonekana mvivu. Ninaye msichana mmoja atumiaye simu ya mama yake, ambaye hutoka kazini jioni. Ningetoa alama kwa wingi wa kusema, angeanguka kwa kukosa simu, si kwa kukosa akili. Kwa hiyo kila ubeti naupima mwenyewe, uje saa yoyote. Zake huja saa tatu za usiku, na mizani haipungui.