Tovuti yako ipo hewani lakini Google haiioni? Anza na hii

Leo tuongelee kitu kinaitwa saitimapu. Jina linatisha, kitu chenyewe wala.

Mimi nauza mapazia hapa Morogoro. Mwaka jana nilimlipa fundi wa tovuti 350,000 anitengenezee duka la mtandaoni kwa WordPress. Hiyo ni hela ya mchezo, zamu yangu nzima iliishia huko. Duka likapendeza kweli, mapazia 64, picha safi. Basi miezi saba ikapita, mteja wa kutoka Google hata mmoja sijamwona. Wote walikuja kwa linki niliyoweka mwenyewe Instagram na status ya WhatsApp.

Siku moja mteja wa Dodoma akanipigia: "Dada, nimeandika jina la duka lako Google, halitokei popote. Wewe si tapeli kweli?" Hakununua. Hiyo iliniuma kuliko zile miezi saba.

Usiku ule nikafanya jaribio moja, na wewe lifanye sasa hivi kabla hujaendelea kusoma. Nenda Google, andika site: halafu jina la tovuti yako bila kuacha nafasi. Google itakuonyesha kurasa zako inazozijua. Yangu ilikuja tupu. Mapazia yote 64, Google haijui hata moja!

Sasa saitimapu inaingiaje hapa? Google ina roboti wake wanaozunguka mtandaoni, wanatoka ukurasa mmoja kwenda mwingine kwa kufuata linki. Duka jipya ambalo hakuna tovuti nyingine imeliwekea linki ni kama fremu ya nyuma kabisa ya soko, mtu anaweza kupita mwaka mzima asiijue. Saitimapu ni faili lenye orodha ya kurasa zako: ukurasa wa pazia la bluu huu hapa, wa fimbo huu hapa, ulibadilishwa tarehe fulani. Mteja hahusiki nalo, linasomwa na roboti. Faili moja linabeba hadi linki 50,000, kwa hiyo sisi wenye bidhaa mia mia tusiwe na wasiwasi.

Na uzuri ni kwamba huenda unalo tayari. WordPress inalitengeneza yenyewe tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020. Shopify, Wix na Blogger nazo hivyo hivyo. Fungua Chrome, andika jina la tovuti yako, mwishoni ongeza /sitemap.xml. Kwa WordPress itakupeleka yenyewe kwenye wp-sitemap.xml, na kama umeweka plagini ya Yoast utaona sitemap_index.xml. Ukiona orodha ya linki, lipo.

Mimi nikaambiwa ukurasa haupatikani. Nikajua tayari nimepigwa. Kumbe wakati fundi anajenga aliweka tiki sehemu moja, akasahau kuitoa. Ukiingia Settings, halafu Reading, chini kabisa kuna kiboksi kinaanza na maneno "Discourage search engines". Kikiwa na tiki, WordPress inaiambia Google isiiweke tovuti yako kwenye majibu, na saitimapu yenyewe inazimwa. Nikatoa tiki, nikasevu, nikafungua tena ile linki: orodha hiyo hapo. Kazi ya sekunde tano iliyonigharimu miezi saba! Fundi simlaumu kuweka ile tiki, duka likiwa halijakamilika ni sahihi kulificha. Kuisahau ndo kosa. Wa Shopify, kwenu angalieni kama duka bado lina nywila ya kuingilia, maana kama mteja hawezi kuingia, roboti naye haingii.

Baada ya hapo ndo unaipelekea Google. Ingia Google Search Console kwa Gmail yako, ni bure. Weka anwani ya tovuti. Watataka uthibitishe kwamba ni yako. Mimi nilinakili mstari mmoja wa kodi walionipa nikaubandika kwenye Yoast, palepale ikakubali. Kisha nenda "Sitemaps", andika ile sehemu ya mwisho ya linki, bonyeza "Submit". Imeisha. Akitokea mtu anakudai 50,000 eti akusajilie duka Google, hiyo ndo kazi yenyewe, ifanye mwenyewe ukiwa unasubiri wateja.

Sasa hapa wengi tunakosea. Ukiona "Success" ya kijani unaweza kushangilia, mimi nilishangilia. Maana yake ni kwamba Google imeweza kusoma orodha, basi. Kuziingiza kurasa ni uamuzi wake mwingine. Baada ya wiki tatu nilikuta kurasa 41 zimeingia, 23 bado. Nikafungua hizo 23 moja moja. Zote zilikuwa na picha na maneno "Pazia zuri, bei njoo inbox". Jamani, roboti atasoma nini hapo? Nikakaa siku mbili naandika: kitambaa gani, upana na urefu, linafaa sebuleni au chumbani, linapitisha mwanga au la, bei shilingi ngapi. Zikaanza kuingia kidogo kidogo, nyingi ndani ya mwezi. Huu ugonjwa wetu wa bei inbox unatukosesha watu tusiowajua hata.

Kingine, soma orodha yako vizuri. Yangu ilikuwa imetaja kurasa za majaribio alizoacha fundi, na ukurasa wenye jina langu la mtumiaji, lilelile ninaloingilia kwenye tovuti. Nilifuta za majaribio na huo wa jina nikauzima kwenye Yoast. Orodha iwe na kurasa unazotaka mteja afikie tu.

Niseme ukweli pia, Google wenyewe wanaeleza kuwa tovuti yenye kurasa kama 500 kushuka chini, zilizounganishwa vizuri kwa linki, inaweza isihitaji saitimapu kabisa. Lakini kama duka ni jipya na hakuna anayekutaja kokote, mimi naona usiache. Na kama nisingeitafuta, ile tiki ningeijulia wapi?

Siku hizi nikiongeza pazia jipya situmi chochote upya. Faili linajisasisha lenyewe na Google inarudi kulisoma. Yule mteja wa Dodoma nilimtumia ujumbe aandike tena jina la duka. Alichukua pea mbili za sebuleni.