Mkataba wa Ukarabati wa Nyumba: Tuusome Hadi Mstari wa Mwisho



Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa paroko kijijini, nilitia saini mkataba wa kurasa tatu wa kuezeka upya nyumba ya mapadre. Ukurasa wa kwanza, wenye jumla ya gharama na tarehe ya kuanza kazi, niliusoma. Ukurasa wa tatu, uliochapwa kwa herufi ndogo, sikuusoma. Mabati ya zamani yalipokwisha kushushwa, fundi akaja kuniambia kuwa bei ya mbao na mabati imepanda: tuongeze fedha, la sivyo kazi isimame. Nilipokasirika, alinionyesha kwa heshima zote ibara iliyosema kwamba gharama ya vifaa itafuata bei ya soko ya siku ya ununuzi. Saini iliyokuwa chini yake ilikuwa yangu, na mawingu ya masika yalikuwa yamekwisha kujikusanya.

Nakisimulia kisa hicho kwa sababu waamini hunijia ofisini na karatasi za namna hiyo, kwa kawaida baada ya hasara kutokea. Nikiwauliza kwa nini hawakusoma, hujibu: “Padre, fundi ni mwanajumuiya mwenzetu. Ningeonekanaje nikianza kuchambua maneno?” Hapo ndipo tunapokosea. Nabii Yeremia, katika sura ya 32 ya kitabu chake, alinunua shamba kule Anathothi kwa binamu yake Hanameli. Yerusalemu ilikuwa imezingirwa na nabii mwenyewe alikuwa kizuizini. Hata hivyo alipima shekeli 17 za fedha, akatia saini hati mbele ya mashahidi, kisha akamwagiza Baruku aweke nakala mbili, moja iliyotiwa mhuri na nyingine iliyo wazi, ndani ya chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Muuzaji alikuwa ndugu wa damu, na hakuna aliyeona kwamba maandishi yanaudhalilisha udugu huo.

Maandishi madogo, kwa kweli, huamua jambo moja kubwa: nani atabeba hasara mambo yakienda kombo. Kwa hiyo tazama kwanza kama bei ni ya jumla isiyobadilika, au ni makadirio tu. Neno “makadirio” linamwachia fundi mlango wazi. Ikiwa bei inaweza kupanda, andikeni ukomo wake, na kwamba fundi ataleta risiti na kupata kibali chako kabla ya kununua.

Kisha tazama vifaa. Mkataba unaosema “mabati bora” haujasema kitu. Taja geji, ukikumbuka kwamba geji 30 ni bati jembamba kuliko geji 28, ingawa namba yake ni kubwa. Taja kama mbao za kenchi zitakuwa zenye dawa. Maneno “au vifaa vinavyolingana navyo” yaongezewe “kwa idhini ya maandishi ya mwenye nyumba”, maana bila hayo anayeamua kipi kinalingana na kipi ni yule anayenunua.

Malipo ya awali yasizidi mahitaji ya hatua ya kwanza, na yanayofuata yaende na kazi iliyokamilika. Zuieni sehemu ya fedha hadi kipindi cha matazamio kiishe. Kwa paa, ningependa kipindi hicho kipitie msimu mmoja wa mvua. Kazi za ziada ziandikwe kabla ya kufanywa.

Kisheria, hapa Tanzania tunaongozwa na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Makubaliano ya hiari, baina ya watu wenye uwezo wa kufunga mkataba, kwa malipo na lengo halali, huwafunga wote wawili, na “sikusoma” si utetezi. Palipo na udanganyifu au shinikizo lisilo halali, aliyeonewa aweza kuomba mkataba utanguliwe. Asiyejua kusoma asomewe na mtu anayemwamini, asiye upande wa fundi.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2409 hadi 2411, huliweka suala hili chini ya amri ya saba. Kazi iliyofanywa vibaya na ankara za kughushi zimetajwa humo waziwazi kama makosa dhidi ya haki. Lakini amri hiyo haimlengi fundi peke yake. Papa Leo XIII, katika waraka wa Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha kwamba ipo haki ya asili iliyo juu ya makubaliano ya ujira. Mwenye nyumba anayemsainisha fundi mwenye njaa bei isiyotosha hata kuwalipa vibarua, au anayebuni kasoro ili asimlipe salio, naye ana la kuungama.

Yule fundi wangu hakuwa mwizi. Bei zilikuwa zimepanda kweli. Tuliketi naye pamoja na mwenyekiti wa halmashauri ya walei, tukagawana nyongeza nusu kwa nusu na kuandika nyongeza hiyo kwenye karatasi mpya. Kwa wiki mbili nililala chini ya turubai. Karatasi ile ya pili niliisoma mara tatu, na nakala yake bado imo kwenye jalada la parokia.